Moyo Utibiwe Bila Eksirei?

DAKTARI: Wakati umefika wa kuiondoa pedali ya eksirei chini ya meza ya kathlabu, chumba cha kutibia moyo kwa katheta, angalau kwa wagonjwa wengi wanaokuja kuunguziwa vijinjia vya umeme vinavyouvuruga moyo. Siku hizi kazi nzima inaweza kwenda bila mionzi. Katheta ya ultrasaundi, unene wake milimita 3 hivi, inapitishwa kwenye mshipa wa kinena hadi chemba ya juu ya kulia, na ikiwa humo inaonyesha kuta, vali, damu inavyopita na mahali sindano inapogusa. Pembeni upo mtambo wa ramani unaotumia sumaku kujua kila katheta iko wapi. Ramani hizo si jambo la jana. Gepstein na Ben-Haim wa Haifa walichapisha kazi yao mwaka 1997. Kinachoiweka eksirei pale mpaka leo ni mazoea.

PROFESA: Mazoea hayo ndiyo yaliyotufikisha hapa, daktari. Mwaka 1998 Michel Haïssaguerre na wenzake wa Bordeaux, Ufaransa, walichunguza wagonjwa 45 wenye mtetemo wa chemba za juu. Vyanzo 65 kati ya 69 vya mapigo yale korofi walivikuta ndani ya mishipa inayoleta damu kutoka mapafuni, na kuanzia hapo dunia ikajua pa kuunguza. Walifanya kazi ile kwa eksirei. Faida yake haijafutika: inakuonyesha kifua kizima kwa mara moja. Waya ukipotea njia ukaingia kwenye tawi la mshipa tumboni, unauona palepale. Ultrasaundi inakupa kipande chembamba, na asiyejua kipande hicho kimeukata moyo upande gani anaweza kufurahia picha safi wakati ncha ya katheta iko nje ya picha.

DAKTARI: Eksirei inaonyesha chuma na mfupa, mwalimu. Nyama ya moyo haionekani. Ni kumtambua mtu kwa kivuli chake ukutani. Tuichukue hatua inayotutoa jasho sote, ya kuvuka kutoka chemba ya juu ya kulia kwenda ya kushoto. Sindano inatakiwa ipenye kijibonde kidogo kwenye ukuta wa katikati. Ikielekea mbele sana, aota iko pale. Ikisukumwa mbali sana, inatoboa ukuta wa nyuma. Kwenye eksirei daktari anakisia kijibonde kilipo kwa kufuata mtikisiko wa katheta inapoteremka. Kwenye ultrasaundi anakiona. Anaona ukuta ukisukumwa na kuchongoka kuelekea kushoto, anaona ni pembe gani, anaona umbali uliobaki hadi ukuta wa pili. Akipenya, anapitisha maji kidogo ya chumvi na vipovu vinaonekana vikimwagika upande wa kushoto. Hakuna kukisia tena.

PROFESA: Kwa mkono uliozoea. Mkono usiozoea huzungusha ile katheta ya ultrasaundi kushoto na kulia kwa dakika nzima ukikitafuta kijibonde, na mgonjwa yuko mezani.

Mabishano ya namna hii huenda mbali bila mtu kutaja kiasi cha mionzi kinachobishaniwa, na hilo humkera mwanafizikia kuliko wote. Yeye ndiye anayesaini vipimo.

MWANAFIZIKIA: Tuweke tarakimu mezani. Mwanadamu wa kawaida hupata wastani wa milisiveti 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, hewani na angani, hata asipoingia hospitali. Kuunguza mtetemo wa chemba za juu kwa njia ya zamani kumekuwa kukimpa mgonjwa kama milisiveti 15, ingawa tofauti kati ya hospitali na hospitali ni kubwa mno, na mgonjwa mnene hupata zaidi kwa kuwa mashine huongeza nguvu ili kumpenya. Makadirio ya Tume ya Kimataifa ya Kinga ya Mionzi ni kwamba kila siveti moja huongeza hatari ya saratani kwa asilimia 5 hivi. Milisiveti 15 basi ni wagonjwa 7 au 8 wa ziada katika kila 10,000. Kati ya watu hao hao 10,000, takriban 2,000 watapata saratani maishani kwa sababu nyingine kabisa.

PROFESA: Umesikia, daktari? Saba au wanane juu ya elfu mbili. Na wengi wa wagonjwa hawa wana miaka 60 na kitu. Saratani ya mionzi huchukua miaka mingi kujitokeza.

MWANAFIZIKIA: Usiniwahi, Profesa. Hesabu hiyo ni ya mtu mzima wa kati na kati. Binti wa miaka 14 mwenye njia ya ziada ya umeme ana miaka 60 mbele yake, na chembe zake hudhurika kirahisi zaidi. Ndiyo maana watoto walitangulia katika jambo hili: mwaka 2002 timu ya Fabrizio Drago, Roma, ilishaeleza kuunguza njia za ziada za upande wa kulia kwa watoto bila eksirei. Na wapo wajawazito ambao mapigo yao yaligoma kutulia kwa dawa, wakatibiwa hivyo hivyo.

DAKTARI: Kwa watu wazima ushahidi upo pia. Italia walifanya utafiti wa wagonjwa 262 uliochapishwa 2016, wakagawanywa kwa kura: nusu kwa njia ya kawaida, nusu kwa kujitahidi kuikwepa eksirei. Mgonjwa wa katikati kwenye orodha ya kawaida alipata milisiveti 8.87. Wa katikati kwenye orodha ya pili alipata sifuri. Matokeo ya tiba hayakutofautiana.

PROFESA: Utafiti mzuri, ila usiuongezee maneno. Ulijengwa juu ya mtambo wa ramani, na wagonjwa wake walikuwa na mapigo ya kasi yale mepesi kutibika, ambayo mara nyingi hayahitaji kutoboa ukuta wowote. Halafu tazama tarakimu ambayo hukuitaja: waliomaliza bila eksirei kabisa walikuwa asilimia 72. Zaidi ya mmoja kati ya wanne alihitaji pedali, mikononi mwa mabingwa waliojiandaa kuikwepa.

DAKTARI: Basi nikupe wenye mtetemo wenyewe. Mwaka 2009 timu ya Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, ilieleza wagonjwa 21 walioongozwa kwa ultrasaundi ya ndani ya moyo pamoja na ramani. Kumi na tisa walimaliza bila eksirei hata kidogo.

PROFESA: Wagonjwa 21. Hao hata wodi moja hawajazi.

DAKTARI: Mwaka 2009, mwalimu. Tangu hapo zipo hospitali zinazofanya hivyo kila siku ya kazi. Lakini umenipeleka ninapotaka kwenda. Hesabu ya mwanafizikia ilikuwa ya saratani peke yake. Marekani walipitia rekodi za bima ya wazee, wagonjwa zaidi ya 100,000 waliounguziwa mtetemo, majibu yakatoka 2020. Waliotobolewa moyo walikuwa karibu 6 kati ya kila 1,000. Yaani 60 katika 10,000, dhidi ya wale 7 au 8 wa mionzi. Na mahali ambapo ultrasaundi ya ndani ya moyo haikutumika, uwezekano wa kutobolewa ulikuwa karibu mara tano. Kama kweli kinachotuhangaisha ni mgonjwa, hapo ndipo palipo na hatari kubwa zaidi, na dawa yake ni chombo kile kile.

Profesa hakatai tarakimu hizo. Anakataa kinachojengwa juu yake, na hoja yake ina uzito kwa yeyote aliyewahi kusoma takwimu za bima.

PROFESA: Hospitali ya Marekani inayotumia ultrasaundi ya ndani ya moyo mara nyingi ni ile inayofanya kazi hizi kwa wingi, yenye timu iliyokaa pamoja miaka. Isiyoitumia huenda ni ndogo, daktari wake anaunguza mara chache kwa mwezi. Je, mara tano hiyo ni ya chombo au ni ya mkono? Rekodi za bima haziwezi kukujibu. Halafu tofautisha mambo mawili unayoyafunga kitita kimoja. Kuongeza ultrasaundi, nakubali, tena kwa moyo mweupe. Kuitupa eksirei ni jambo lingine. Nikiwa na vyote viwili ninaona zaidi kuliko wewe mwenye kimoja.

DAKTARI: Na damu ikianza kuvuja kwenye mfuko wa moyo, nani ataiona mapema? Kwa eksirei unasubiri kingo za moyo ziache kucheza, au shinikizo la damu lishuke. Kwa ultrasaundi unaona utando mweusi mwembamba ukitokea nyuma ya moyo kabla mgonjwa hajabadilika rangi. Ndizo dakika za kusimamisha dawa ya kuzuia damu kuganda na kuandaa sindano ya kuitoa.

PROFESA: Hilo nimeshakupa. Umeongeza chombo. Hujanipa sababu ya kuondoa kingine.

MUUGUZI: Sababu ninayo mimi, Profesa, kama nitaruhusiwa.

PROFESA: Sema, sista.

MUUGUZI: Hesabu zote mnazozipiga ni za mgonjwa, na mgonjwa analala pale mara moja, pengine mara mbili maishani. Sisi tunaingia kila siku. Aproni ya risasi ni kilo 5 hadi 7, ongeza ya shingoni. Kesi moja ya mtetemo ni saa mbili, tatu. Jioni mtu anaivua, mgongo wa gauni umelowa, na mabega yana alama mbili nyekundu zilipokaa kamba. Katika uchunguzi wa chama cha madaktari wa katheta wa Marekani uliotolewa 2015, karibu nusu yao walisema wameshaumia mgongo, shingo, goti au nyonga. Hao ni madaktari. Muuguzi huvaa aproni ile ile na mara nyingi haulizwi.

MWANAFIZIKIA: Macho nayo. Mwaka 2011 Tume ya Kimataifa ilishusha kikomo cha lenzi ya jicho kwa wafanyakazi kutoka milisiveti 150 kwa mwaka hadi 20. Haikushusha kwa kubahatisha. Uchunguzi uliofanywa Malaysia na kuchapishwa 2010 uliwakuta madaktari 29 kati ya 56 wa katheta na dalili za ukungu kwenye lenzi, wa aina inayohusishwa na mionzi. Kwa wauguzi walikuwa 5 kati ya 11. Kwa watu wasiofanya kazi na mionzi walikuwa 2 kati ya 22.

PROFESA: Ukungu wa kuonekana kwa darubini. Wangapi kati yao walishindwa kuona?

MWANAFIZIKIA: Ukungu wa namna hiyo huanza bila mtu kujua. Ni mlango wa mtoto wa jicho.

DAKTARI: Na uvimbe wa ubongo? Ariel Roguin na wenzake walikusanya madaktari 31 waliougua. Kwa wale 26 ambao upande ulijulikana, 22 walikuwa na uvimbe upande wa kushoto, na kushoto ndiko daktari anakoelekeza kichwa kwenye chanzo cha mionzi anaposimama mezani.

MWANAFIZIKIA: Hapo naomba tuwe waangalifu, daktari, hata kama unaisaidia hoja ninayoipenda. Ile ni orodha ya wagonjwa. Haituambii madaktari wangapi walisimama upande ule ule miaka ile ile wakabaki wazima. Inatosha kutuamsha tukapime. Kumwambia daktari kijana kwamba kazi hii itampa uvimbe, haitoshi. Mtoto wa jicho na mgongo vina ushahidi wa kutosha. Tusiuchafue kwa kuunganisha na kilicho dhaifu.

Katika mjadala huu wote, hiyo ndiyo kauli iliyomgharimu msemaji wake, kwa kuwa mwanafizikia angeweza kunyamaza na upande wake ukapata nguvu.

MUUGUZI: Na mwenzetu akishika mimba? Kikomo cha mtoto tumboni ni milisiveti 1 kwa muda wote uliobaki baada ya kutangaza. Kwa hiyo kinachotokea ni kwamba anahamishwa wodini, au anaficha mpaka aonekane. Wasichana wanaosoma udaktari wanaliona hilo na kuchagua fani nyingine.

MNUNUZI: Nimesubiri mtu ataje bei, naona haitajwi. Katheta moja ya ultrasaundi ya ndani ya moyo yaweza kupita dola 2,000 za Marekani, na imeandikwa itumike mara moja. Mara moja! Aproni ya risasi inadumu miaka. Kioo cha risasi kinachoning'inia kinadumu miaka. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Dar es Salaam ina mtambo wa ramani wa Carto, kwa hiyo sisemi teknolojia hii ni ya wenzetu tu. Nasema kila mgonjwa anaongezewa mamilioni ya shilingi kwenye bili, na kati ya wanaopanga foleni wapo ambao familia imeuza shamba.

DAKTARI: Marekani katheta hizo husafishwa na kutumika tena na kampuni zinazosimamiwa na mamlaka yao ya dawa. Si lazima kutupa.

MNUNUZI: Husafishwa na kampuni yenye kibali, vipimo na bima. Mimi nikiichemsha hapa na mgonjwa akapata vijidudu kwenye damu, nani atasimama mahakamani? Nionyeshe kampuni hiyo ipo wapi Afrika Mashariki, nitasaini leo.

MWANAFIZIKIA: Ipo njia ya kati isiyogharimu shilingi. Zipo mashine ambazo bado zimewekwa kupiga picha 15 kwa sekunde, zamani zilikuwa 30. Zishushe hadi 4. Picha inakatikakatika kidogo, lakini kwa kufuata katheta inatosha, na dozi inashuka karibu kwa uwiano huo huo. Bana dirisha la mwale libaki na moyo tu. Inua meza, sogeza kipokeo karibu na kifua. Mtu akirudi nyuma umbali ukawa mara mbili, mionzi inayomfikia inabaki kama robo. Nimeona kathlabu ambazo hakuna aliyewahi kufungua ukurasa wa mipangilio tangu fundi wa kampuni aondoke.

PROFESA: Hilo ndilo nililolitaka. Shusha kutoka milisiveti 15 hadi 1 au 2, bila kununua kitu, bila kumfanya mgonjwa darasa la kujifunzia. Hatari iliyobaki haizidi mmoja katika 10,000. Hiyo sehemu ya mwisho, kutoka 1 kwenda sifuri, ndiyo inayomeza dola 2,000.

DAKTARI: Kwa mgonjwa, sawa. Kwa sista aliyesema hapa, sehemu hiyo ya mwisho ndiyo yote. Milisiveti moja au kumi na tano, aproni ni ile ile, kilo ni zile zile. Inavuliwa pale tu ambapo pedali haikanyagwi.

MUUGUZI: Hapo daktari amesema kweli tupu. Mkipunguza, mgonjwa amepunguziwa. Mgongo wangu haujapunguziwa kitu.

PROFESA: Lakini hata yeye haondoi pedali kwa wote. Katika ule utafiti wake, mmoja kati ya wanne aliihitaji. Mwenye waya za betri ya moyo zilizowekwa juzi, utapita kando yake kwa ramani peke yake? Anayeunguzwa nje ya moyo, juu ya misuli, lazima tuone mishipa ya korona ilipo, na hiyo ni eksirei na dawa ya rangi. Na teknolojia yenyewe inageuka. Januari 2024 mamlaka ya Marekani iliidhinisha Farapulse, katheta inayotumia mapigo mafupi ya umeme badala ya joto. Inafanya kazi haraka na inauhurumia umio. Wengi walipoanza nayo waliiongoza kwa kitu gani?

DAKTARI: Kwa eksirei.

PROFESA: Kwa eksirei. Kathlabu zilizokuwa zimeshajivunia sifuri zikairudia pedali. Ukimfundisha kijana wako bila eksirei kabisa, siku chombo kipya kitakapoihitaji, au siku ramani itakapozima katikati ya kesi, atafanya nini?

DAKTARI: Atafanya kilichofanywa na wengine: baada ya muda mfupi walianza kuiweka katheta hiyo hiyo kwa ultrasaundi, wakiona ncha yake inavyogusa mdomo wa mshipa, kitu ambacho eksirei haiwezi kuonyesha. Kijana wangu nitamfundisha vyote. Kesi za kwanza aproni iko mwilini, pedali iko chini ya mguu wa msimamizi, picha 4 kwa sekunde. Anavuka ukuta kwa ultrasaundi, kisha anathibitisha kwa eksirei. Akishathibitisha mara nyingi bila kukosea, tunaacha kuthibitisha.

PROFESA: Na aproni?

DAKTARI: Inatundikwa ndani ya chumba. Anayetaka kukanyaga anatangaza kwanza, watu wanavaa, ndipo anakanyaga.

PROFESA: Moyo ukivuja damu na ramani imezima, nimsubiri muuguzi avae?

DAKTARI: Moyo ukivuja damu utatazama ultrasaundi, mwalimu, si eksirei.

PROFESA: Na ikiwa kilichozima ni ultrasaundi yenyewe?

MUUGUZI: Profesa, sekunde za kufunga aproni zinajulikana, tunaweza kuzipima kwa saa kesho asubuhi, kwa kila mtu aliye kwenye zamu. Kipimo cha jicho hakuna. Beji tunazopeleka Tume ya Nguvu za Atomu huvaliwa kifuani. Kabla hamjaamua kuhusu pedali, tunaomba beji za pili, za kuvaa kwenye paji la uso upande wa kushoto, kwa madaktari na kwa sisi.

MNUNUZI: Bei yake?

MWANAFIZIKIA: Ndogo kuliko katheta moja, kwa timu nzima, kwa mwaka.

MNUNUZI: Hizo nasaini.

PROFESA: Saini. Na zikileta milisiveti 2 kwa mwaka, daktari, utaiacha pedali yangu?

DAKTARI: Zikileta 15?